Subiri Mbuzi Wazae

Ukifika Ansab, kule ukingoni mwa Maskati ambako majumba yanakwisha na majabali yanaanza, ukauliza lilipo shamba la mbuzi la Amur bin Sleiman, utaonyeshwa njia, lakini kwanza watu watacheka. Si wewe unayechekwa, usijali. Anachekwa Amur, na aliyekianzisha kicheko hicho ni Amur mwenyewe. Mlangoni ametundika bango la chuma la kijani linalosema hapa ni shamba la maziwa ya mbuzi, na bango ni pana kuliko mlango. Ndani mna mbuzi kumi na mmoja. Amur husema bango lilitangulia, halafu akaona haya ndipo akanunua mbuzi.

Miaka thelathini na moja alikaa wizarani akipiga mihuri. Alitolewa Unguja angali anabebwa, akakulia Maskati, na katika umri wake wote mbuzi pekee aliyepata kumkaribia alikuwa juu ya sinia la wali. Alipostaafu sukari ilimpanda, daktari akamwambia atembee. Mtu mwengine angetembea. Yeye alikwenda kununua mbuzi wa Shami, wale warefu wenye masikio yanayoning'inia, kwa hoja kwamba mwenye mbuzi hukosa budi kutembea. Nasriya, mkewe, mwanamke asiyepoteza maneno, alimuuliza kwani walioandikiwa dawa ni mbuzi. Kutoka nyumbani mpaka shambani ni mwendo wa dakika sita kwa miguu. Amur huenda kwa gari.

Mbuzi wake aliwapa majina ya vyeo vya ofisini, maana hayo ndiyo majina aliyoyazoea. Kuna Katibu, kuna Mhasibu, kuna Mwenye Funguo. Mkubwa wao, mwenye maziwa mengi na dharau nyingi, anaitwa Mudira, yaani mkurugenzi wa kike. Amur anaapa kwamba Mudira humtazama vile vile alivyokuwa akitazamwa kazini kila alipochelewa, na kwamba mpaka leo, akiingia bandani saa mbili badala ya saa moja, hujikuta anatafuta udhuru.

Sasa, kazi yenyewe nani anaifanya? Hapo ndipo penye mambo. Anaifanya Nalule, binti wa Kiganda kutoka upande wa Masaka, aliyeletwa kwa kazi za ndani, kupika na kufua. Siku ya tatu tu tangu afike, alimsikia Amur akimlalamikia mkewe kwamba Katibu amevimba kiwele na hakaribiki. Nalule alichemsha maji, akachukua kitambaa, akapanda garini. Alimkanda mbuzi yule, akamkamua taratibu mpaka uchafu wote ukatoka, huku Amur kasimama nyuma yake anashika ndoo. Baadaye alieleza, kwa Kiswahili chake alichokiokota Nairobi, kwamba kwao amelelewa na mbuzi tangu hajaota meno. Kuanzia siku ile kazi ya shamba ikawa yake, na Amur akapandishwa cheo, akawa mshika ndoo.

Hakulificha jambo hilo. Kinyume chake, alilitangaza. Kila Musallam, rafiki yake wa tangu wizarani, alipokuja kunywa kahawa shambani, Amur alimwambia, "Yakhe, Nalule ndiye shamba. Mimi nni bango." Musallam alicheka mpaka kofia ikamdondoka, na wiki ya pili akaja na wageni wengine ili Amur alirudie neno lile mbele yao. Amur alilirudia. Hakuna mtu aliyeweza kumkejeli, kwa sababu kila kejeli uliyokuja nayo ulikuta ameshajipiga nayo mwenyewe. Nasriya peke yake ndiye hakuwa akicheka. Siku moja, anachambua mchele, alimwambia bila kuinua macho kwamba yeye hujicheka mapema ili watu wasipate nafasi ya kumlaumu. Amur alisema hilo nalo ni kweli, mke wangu, mimi ni mtu wa hovyo kabisa. Nasriya akasema, "Umeona?"

Nalule alikuwa na mtoto. Jina lake Nabukeera, na alipomwacha kwa bibi yake alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, ndiyo kwanza anashika ukuta na kutembea. Mkataba wa kwanza wa miaka miwili ulipokwisha, Nalule alichagua mwenyewe kuendelea ili mama yake amalize kuezeka nyumba. Mkataba wa pili ulipokwisha, Novemba iliyopita, alichagua kwenda. Alimwendea Amur sebuleni, akasimama wima mbele yake kama mtu aliyekariri maneno, akasema, Baba, mkataba umekwisha, nyumba imeezekwa, nataka kwenda nyumbani kwa mtoto wangu.

Na Amur, ambaye si mtu mbaya, tuseme ukweli, ambaye hajapata kumpandishia mtu sauti wala kumnyima mtu haki yake, alimwambia, "Subiri mbuzi wazae, mwanangu. Wote wana mimba. Ukiniacha peke yangu ntawaua." Alisema kwa kucheka, mikono kaiweka kifuani, na Nalule akacheka kidogo naye, maana ni shida kumkatalia mtu anayejidhalilisha mbele yako. Akasubiri.

Ikaingia Februari, baridi ikaanza kuondoka, mbuzi wakaanza kuzaa. Majira hayo shamba la Amur huwa kama matar, uwanja wa ndege: hawa wanafika, hawa wanaondoka. Katibu alizaa pacha, Mhasibu akazaa mmoja, na vibuzi wakawa wanaruka juu ya kila kitu, ukiwamo mgongo wa Amur alipoinama kutafuta kiatu. Huku wanazaliwa, huku madume ya mwaka jana yanachukuliwa na wanunuzi wanaotafuta wanyama wa Idi. Amur hana moyo wa biashara hiyo. Mwaka wa kwanza, alipochukuliwa beberu mmoja aliyemwita Mkaguzi, alikwenda kujifungia garini akalia, akatoka akasema ni vumbi, na haukuwapo upepo. Tangu hapo wanunuzi humalizana na Nalule.

Mwezi huo Nalule akauliza tena. Amur akasema bado Mudira, mwanangu, na Mudira ndiye mkubwa wao. Halafu Ramadhani ikaingia, naye akasema hapana mtu anayesafiri Ramadhani. Hatimaye Nasriya akaingilia kati, akataja siku mwenyewe: Alkhamisi ya wiki ya pili baada ya Idi. Amur akasema sawa, sawa kabisa, tikiti atakata usiku huo huo. Kesho yake Nalule alipouliza, alimwambia imeshakatwa.

Haikukatwa. Kila alipofungua simu akafika pale pa kuandika jina la msafiri, kitu kilimshika, akaifunga. Alijiambia kesho. Alijiambia kwanza Mudira azae, tuone. Haya, mtu wa miaka sitini na tatu, aliyepiga mihuri kwenye karatasi za watu wangapi, kidole kimemshinda kubonyeza. Jambo hili halikuwa la kuchekesha, na ndiyo maana hakumsimulia mtu.

Jumapili ya wiki ile ya safari, Nasriya alimpeleka Nalule madukani Azaiba kununua begi kubwa na vitu vya mtoto. Huko dukani Nalule alisimama kitambo mbele ya viatu. Mwisho alichukua jozi mbili za namna moja, ndogo na kubwa, maana hakujua mguu wa mwanawe umefika wapi. Simu yake ilikuwa ndani ya mkoba, imezimwa sauti, na ndiyo saa Mudira aliyoichagua.

Amur alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, Musallam kwenye ndoo iliyopinduliwa, kahawa kati yao. Mudira alianza kuzunguka, akalala, akainuka, akalala tena, akatoa mlio ambao Amur anasema alikuwa akimwita Nalule kwa jina. Amur alipiga simu mara saba. Halafu akapandisha mikono ya kanzu, akaingia, akasoma kila sura fupi aliyoihifadhi. Mudira alikuwa amezaa mara nne kabla ya hapo na hakuhitaji msaada wa mtu. Punde kibuzi kikadondoka juu ya majani, jike, rangi ya kahawia na doa jeupe usoni. Amur akasema alhamdulillah kwa sauti ya mtu aliyezaa yeye.

Basi hapo angekaa kitako, akanywa kahawa yake, mambo yangekuwa sawa. Lakini kimbelembele, mtu huyu. Mama hajamaliza hata kumlamba mwanawe, Amur ameshamnyanyua, amemfuta kwa taula safi, amemchukua mpaka kwenye kile chumba cha mazulia anachokiita majlisi. Na kwa kuwa nyumbani kwao hakuna mtoto aliyepata kuzaliwa asifukizwe, na watoto wake wanne wote walifukizwa siku hiyo hiyo, aliona haiwi kwamba mgeni huyu aingie duniani mikono mitupu. Musallam akawasha kaa. Wakaweka udi, na si udi wa hivi hivi, ule wa kuwekewa wageni wa heshima. Wakamzungusha kibuzi juu ya chetezo, tumboni, mgongoni, chini ya masikio, mpaka moshi ukawa unamtoka kwenye manyoya. Halafu Amur akatoa kichupa cha atari mfukoni akampaka kidoa utosini. Wakapiga picha, wakazituma kwa jamaa wote, na majibu ya pongezi yakaanza kuingia. Yote hayo nusu saa.

Wakamrudisha kwa mama yake ananukia kuliko bwana harusi.

Mudira alimkaribia, akanusa. Akarudi nyuma hatua moja. Akapiga chafya. Halafu akainamisha kichwa na kumpiga kibuzi yule pembe moja iliyompeleka mpaka ukutani. Amur alidhani ni bahati mbaya. Akamrudisha, kwa upande wa kushoto safari hii. Akapigwa tena. Akamrudisha kwa upande wa kulia. Akapigwa tena, na mtoto akawa analia kwa sauti nyembamba, miguu inamtetemeka, anaitafuta chuchu kwenye mguu wa Amur. Amur alimsihi Mudira kwa Kiswahili, akamsihi kwa Kiarabu, akamkumbusha majani yote aliyomlisha. Kisha likamjia wazo, na wazo hili hulisimulia mwenyewe kwa fahari ya kinyume: ikiwa shida ni harufu, basi na mama afukizwe, wanukie sawa. Akaleta chetezo bandani, akakisogeza chini ya Mudira. Mudira aliruka juu ya boriti la banda, akaangukia kiti cha plastiki, kiti kikavunjika vipande vitatu.

Nalule alipofika alikuwa bado ameshika mfuko wa viatu. Alimchukua kibuzi kutoka mikononi mwa Amur, akamnusa kichwani, akafumba macho.

"Baba," akasema, "umemfanya nini?"

Musallam aligeuka akaanza kutazama majabali.

Nalule hakugomba. Aliomba maji ya vuguvugu, bila sabuni, akamwosha mtoto yule mara mbili, akamkausha. Kondo la nyuma lilikuwa bado liko pale kwenye majani, akalichukua kwa mikono yake akampaka nalo mwili mzima. Alimkamua Mudira maziwa ya mwanzo, yale mazito ya manjano, mengine akampaka mkiani, mengine akamnywesha kwa chupa. Kisha alimfunga Mudira kamba fupi, akamshika mguu wa nyuma ili mtoto anyonye. Alipomshika, mtoto alinyonya. Alipomwachia, Mudira alimpiga. Ikapita adhuhuri, ikafika alasiri, Nalule yuko chini, mgongo kaegemeza ukuta, nguo zake za kutokea zimechafuka zote, anashika, anaachia, anashika.

Amur naye alikuwa amesimama pale, na kimya kile kilimwelemea. Hakukiweza. Akaanza mambo yake. Alimgeukia Musallam akasema hapana mtu duniani aliyemtia mbuzi manukato mpaka mama yake mzazi akamkana, ila yeye. Kwamba wangempeleka makumbusho wakamweka ndani ya kioo. Musallam, aliyekuwa amejizuia tangu asubuhi, alipasuka kwa kicheko. Kikampa Amur nguvu. Akamgeukia Nalule, mikono kifuani, uso wa kujidhalilisha uleule wa Novemba, akasema, "Unaona, mwanangu? Bila wewe mimi si kitu. Siku nne hizi hazitoshi. Nnakuomba, subiri kidogo tu, mpaka huyu asimame."

Musallam alicheka tena. Nalule hakucheka. Alimwachia mguu Mudira, akajifuta mikono kwenye gauni.

"Baba, hii mbuzi imemkataa mtoto wake," akasema. "Mtoto ametoka nusu saa tu, harufu imebadilika, mama hamjui. Mimi nimetoka miaka nne. Mtoto yangu atanijuaje?"

Amur alifungua mdomo. Alikuwa na neno la kuchekesha, huwa nalo daima, na safari hii alilihisi liko pale kwenye ulimi, akaona aibu nalo kabla halijatoka.

"Baba, tikiti iko?"

"Haiko," Amur akasema.

Nalule alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa akilijua. Aligeuka akaushika tena mguu wa Mudira.

Amur alikwenda garini. Alikaa nyuma ya usukani, milango imefungwa, akafungua simu. Jina la Nalule alilikosea mara mbili, namba ya paspoti mara tatu. Ilikuwapo nafasi Alkhamisi, mchana, ya kupitia mji mwengine. Akabonyeza. Ilimchukua muda kidogo kutoka garini, na alipotoka hakusema lolote kuhusu vumbi. Alimpelekea Nalule simu palepale chini alipokaa. Nalule alisoma jina, akasoma tarehe, akasoma saa, kidole kikipita juu ya kila neno. Kisha alimwomba amtumie kwenye simu yake mwenyewe, amwone akituma. Amur akatuma. Nalule alisubiri mpaka simu yake ikalia ndani ya mkoba, akaitoa, akaitazama, akairudisha.

Jumanne jioni Mudira alimlamba mwanawe kichwani, akamwacha anyonye bila kushikwa mguu. Amur aliruka kwa furaha, akataka kumwita Musallam. Nalule alisema vizuri, akaondoa ile kamba, akaenda kufunga begi.

Uwanja wa ndege walikwenda wote watatu. Nasriya alimkumbatia Nalule akalia waziwazi, akamfunga mtandio vizuri kichwani, akamwambia asiache kupiga simu. Amur alijaribu neno moja kuhusu begi, kwamba ndani yake lazima mna Mudira, na hakuna aliyecheka, hata yeye. Nalule alimpa mkono. Alimwagiza akikamua aanze na chuchu ya kushoto, asivae pete, na asiingie bandani na manukato. Akamwambia pia kwamba Mwenye Funguo anapenda kuzungumzishwa. Amur aliitika kila jambo kama mwanafunzi. Nalule akaingia ndani, akaonyesha karatasi zake, akapotea na watu.

Wiki iliyofuata Amur alijifunza kukamua, ikiwa kile unaweza kukiita kujifunza. Mhasibu alitia mguu ndani ya ndoo kila siku kwa siku tano. Katibu alimla mkono wa kanzu. Mikono ilimuuma mpaka akashindwa kushika kikombe, na maziwa aliyopata asubuhi nzima yaliwatosha yeye na Nasriya kwa chai, chai ya mkandaa kidogo, yaani karibu na ya rangi. Lakini sasa alikuwa anatembea. Bila gari, asubuhi na jioni, kwa kuwa alikuwa amelala vibaya na hakutaka kukaa. Alipopimwa, sukari ilikuwa imeshuka, na Nasriya alisema basi dawa imefanya kazi.

Kisa cha udi kilikuwa kimeshaenea wilaya nzima ya Bawshar. Musallam alikuwa amekipeleka msikitini, dukani na kwenye harusi mbili. Watu walimsimamisha Amur barabarani kumuuliza kama maziwa ya leo ni ya udi au ya ubani. Alijibu kila mtu vizuri. Akikaa na wenzake alikisimulia mwenyewe, na hakuna aliyekisimulia vizuri kuliko yeye: jinsi moshi ulivyotoka kwenye manyoya, jinsi Mudira alivyopiga chafya, jinsi alivyoruka. Kila mara alifika kwenye kiti kilichovunjika vipande vitatu, watu wakashika mbavu, na hapo akakatisha. Mwenzao mmoja, Hisham, aliuliza ikawaje baadaye. Amur akasema baadaye walinunua kiti kipya.

Ijumaa ya pili baada ya safari, saa kumi jioni, yuko bandani anakamua, simu ikalia. Alikuwa Nalule, kwa video. Amur aliifuta mikono, akaishika simu mbali na uso kama wazee wanavyofanya, akaona ukuta mwekundu wa matofali na Nalule mbele yake, kichwa wazi, amekonda kidogo. Walisalimiana sana. Alimuulizia Mama, yaani Nasriya, akamuulizia Mudira na mtoto, akataka kuonyeshwa, akaonyeshwa. Alimwambia Amur ndoo ameiweka karibu mno na mguu wa mbuzi. Amur akaisogeza.

Nyuma ya Nalule palikuwa na mlango, na mlangoni alisimama mtoto wa kike, mwembamba, ameshika kizingiti, anatazama simu. Amur akauliza huyo ndiye Nabukeera. Nalule akasema ndiye. Akamwita kwa Kiganda, sauti laini ambayo Amur hakupata kuisikia katika miaka yote minne. Mtoto hakuja. Alisema kitu kifupi, akaondoka mbio kumfuata bibi yake.

"Amesema nini?" Amur akauliza.

"Amesema, anti ananiita." Nalule alitabasamu, kisha tabasamu likamwondoka. "Ananiita anti, Baba. Analala na jajja, bibi yake, kwangu hataki. Mama yangu anasema mpaka Krismasi alikuwa anauliza kila siku, mama anakuja lini. Kila siku anauliza. Krismasi imepita, ameacha kuuliza."

Amur alihesabu, ingawa hapakuwa na haja ya kuhesabu. Nalule alisimama mbele yake sebuleni Novemba.

Mudira alikuwa nyuma ya bega lake, anatafuna. Amur alikuwa na la kusema kuhusu nafsi yake, alikuwa nayo maneno kumi, mzee mjinga, bango bila shamba, mshika ndoo, na kila moja lingemchekesha Nalule angalau kidogo na lingemtoa pale alipokuwa. Aliyaona yote, akayaacha.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Mimi ndiye niliyekuzuia. Nilijua unachokitaka, na nilikuzuia."

Huko kwao kulisikika kuku, na mtu akigonga sufuria.

"Nimesikia, Baba," akasema.

Akasema anaitwa kula, akamwagiza amsalimie Mama, akakata simu.